Kutoka Kazini Hadi Darasa la Udaktari Uganda: Mwongozo Kamili kwa Anayebadili Taaluma

Marekani, mtu wa benki akitaka kuwa daktari hurudi chuoni akasoma kozi moja moja za baiolojia, kemia na fizikia, kisha akafanya mtihani wa kuingilia. Wengi wetu tunaoishi Kampala, Mbarara au Arua tumesoma habari hizo mtandaoni, tukadhani na hapa mambo ni hayo hayo. Siyo. Uganda udaktari ni shahada ya kwanza, na mlango wake mkuu ni cheti cha Senior Six chenye Baiolojia na Kemia. Hata uwe na shahada ya uzamili ya biashara na miaka kumi kazini, swali la kwanza kwenye meza ya udahili ni moja: Senior Six ulisoma nini, na ulipata ngapi?

Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye kazi, pengine mwenye watoto, anayetaka kujibu swali hilo upya. Nimemfikiria msomaji wa Kiswahili aliye Uganda: Mganda mwenyewe, Mkenya au Mtanzania aliyekuja kikazi, Mkongomani aliyehamia. Safari ni moja lakini vyeti mlivyobeba havifanani, na watu hupoteza mwaka mzima kwa kuanza kusoma kabla hawajajua cheti chao kinawafikisha wapi.

Hatua ya kwanza: jua umesimama mbele ya mlango upi

Chukua karatasi uandike vyeti vyako vyote, mwaka wa kila kimoja, na alama za kila somo. Kisha jipime.

Kama una UACE, yaani cheti cha Senior Six, chenye ufaulu wa prinsipo, yaani wa somo kuu, katika Baiolojia na Kemia, wewe huna haja ya kurudi darasani mara moja. Anza kwa kuuliza vyuo kama wanapokea cheti cha mwaka wako na pointi zako. Nafasi za udhamini wa serikali zinagombewa na vijana waliotoka shule juzi, kwa hiyo wewe hesabu nafasi za kujilipia.

Kama ulisoma HEG, MEG au tahasusi nyingine isiyo na Baiolojia na Kemia, utarudi Senior Five na Six, kwa njia moja au nyingine. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni yako.

Kama una stashahada ya afya, kwa mfano ya afisa wa kliniki, ya uuguzi au ya famasi, kuna mlango wa wenye stashahada. Vyuo hutangaza nafasi zake kando na za waliomaliza Senior Six, mara nyingi mapema zaidi, na nafasi ni chache. Tazama daraja la ufaulu wanalotaka na kama wanadai miaka ya kazi.

Kama una shahada ya sayansi, mfano biokemia, baiolojia au tiba ya mifugo, Makerere na vyuo vingine vina mlango wa wenye shahada. Shahada ya uhasibu au ualimu wa historia haikusogezi hatua hata moja kwenye mlango huo, na ni afadhali ulijue hilo leo.

Kisha kuna milango miwili inayopigiwa debe sana mitaani. Wa kwanza ni wa watu wazima: mwenye miaka 25 au zaidi hufanya mtihani maalumu wa chuo, akifaulu anaomba nafasi bila cheti cha Senior Six. Wa pili ni cheti cha mwaka mmoja cha kuvukia, kinachosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, ambacho Wakenya wengi wenye KCSE, cheti chao cha kumaliza sekondari, wamekipitia. Milango yote miwili ipo kisheria na imewafaa watu wengi kwenye kozi nyingi. Lakini udaktari si kozi nyingi. Usilipe hata shilingi ya mtihani au ya cheti hicho kabla kitivo cha tiba unachokitaka hakijakujibu kwa maandishi kwamba kinapokea mtu wa mlango huo. Jibu la mdomo la karani dirishani halihesabiki. Mwandikie msajili wa chuo barua pepe, uhifadhi jibu lake.

Hatua ya pili: vyeti vya nje na majina yanayogongana

Aliyesoma nje ya Uganda ana kazi ya ziada. Cheti cha sekondari cha Kenya, Tanzania au Kongo hupelekwa UNEB, bodi ya mitihani, kulinganishwa na UCE, yaani cheti cha Senior Four, au UACE. Stashahada na shahada za nje hupelekwa NCHE. Ni ofisi mbili tofauti, na kila siku kuna mtu anayepanga foleni kwenye ile isiyo yake. Mtanzania aliyemaliza kidato cha sita kwa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, yuko karibu zaidi kuliko anavyodhani. Mkenya wa KCSE hana A-level, yaani Senior Five na Six, kabisa, kwa hiyo kwake ulinganishaji ni mwanzo tu. Mkongomani mwenye diploma ya serikali aandae na tafsiri rasmi kutoka Kifaransa kabla hajatoka nyumbani.

Kama unapanga kurudi kwenu kufanya kazi, soma kwanza masharti ya baraza la madaktari la kwenu. Mabaraza ya Afrika Mashariki hukagua vyuo vya udaktari kwa pamoja na kutambuana, lakini kila moja lina masharti yake ya usajili, na mengine huangalia hata alama zako za sekondari. Kumaliza miaka mitano ya udaktari Uganda ukarudi nyumbani kuambiwa alama ya Kemia ya kidato cha nne haikutosha ni jambo la kuumiza.

Majina sasa. Kitambulisho cha taifa kinasema hivi, cheti cha Senior Four kinasema vile, na jina la ndoa limeingia katikati. Kwa kijana wa miaka kumi na tisa hili ni nadra. Kwa mtu wa miaka thelathini na tano ni kawaida. Rekebisha mapema kwa kiapo cha kisheria au kwa hati ya kubadili jina, kulingana na ukubwa wa tofauti, kwa sababu chuo kitakagua majina siku ya usajili, wakati ada umeshalipa. Aliyepoteza cheti cha UNEB aiulize bodi mapema inatoa hati gani badala yake. Aandae na barua ya polisi ya upotevu. Na ukisikia mtu anakuambia kuna njia fupi Nasser Road, ule mtaa wa wachapaji wa Kampala, ondoka. UNEB huthibitisha matokeo moja kwa moja na vyuo, na cheti cha kughushi hugundulika hata mwaka wa nne.

Hatua ya tatu: elewa hesabu ya pointi kabla ya kuchagua masomo

Vyuo vya umma havijumlishi alama tu. Kila alama ina thamani: A ni 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2, na O ni 1. Kisha kila somo linazidishwa kulingana na uzito wake kwa kozi unayoiomba. Kwa udaktari, Baiolojia na Kemia ni masomo ya lazima, yanazidishwa kwa 3. Somo moja linalohusiana, mara nyingi Fizikia au Hesabu, linazidishwa kwa 2. General Paper na somo la sabsidiari, yaani Hesabu ndogo au kompyuta, huhesabiwa kwa 1. UCE nayo huongeza vipande: kwa cheti cha mtindo wa zamani, kila distinksheni ni 0.3, kila krediti 0.2, kila pasi 0.1. Mwombaji wa kike katika vyuo vya umma huongezewa 1.5.

Tumchukue mhasibu wa Ntinda aliyerudi akapata Baiolojia B, Kemia C, Hesabu C, akafaulu General Paper na kompyuta. Baiolojia inampa 15, Kemia 12, Hesabu 8, masomo mawili madogo 2. Senior Four alikuwa na distinksheni tatu na krediti tano, hizo ni 1.9. Jumla 38.9. Akiwa mwanamke, 40.4.

Sasa angalia penye faida. Akipandisha Kemia kutoka C hadi A anaongeza pointi 6. Akipandisha Hesabu kutoka C hadi A anaongeza 4. Kujiua kwa ajili ya General Paper hakumwongezei kitu: amefaulu, basi. Kwa hiyo saa za kusoma zigawe kwa uzito huo huo, Kemia na Baiolojia zichukue sehemu ya simba. Watu wazima hupenda kukimbilia somo wanaloliweza, na mhasibu atajikuta anasoma Hesabu kila jioni kwa sababu inampa raha. Raha hiyo ni ghali.

Tafuta pia pointi za mwisho zilizochukuliwa mwaka uliopita kwenye chuo unachokitaka, kwa udahili wa kujilipia. Zinabadilika kila mwaka, lakini zinakuonyesha kama unahitaji A mbili au C mbili, na hiyo ni tofauti ya mwaka mzima wa maisha yako.

Sharti moja limewaangusha wengi: ufaulu wa prinsipo mbili lazima upatikane katika mtihani mmoja. Huwezi kuchukua Baiolojia ya 2009 ukaiunga na Kemia ya mwaka huu. Anayerudi, anarudi kamili: masomo matatu ya prinsipo, General Paper na sabsidiari moja.

Fizikia au Hesabu? PCB ndiyo tahasusi inayojulikana, lakini BCM, yaani Baiolojia, Kemia na Hesabu, inakubalika pia. Fizikia ina karatasi ya maabara. Hesabu haina, na karatasi zake zote unaweza kuziandaa mezani kwako usiku. Kwa mtu mwenye kazi, aliyewahi kuwa na Hesabu nzuri, mimi ningechagua Hesabu bila kusita. Aliyekimbia Hesabu tangu Senior Two achukue Fizikia, ingawa nayo ina hesabu zake. Ukichukua Hesabu kama prinsipo, sabsidiari yako inakuwa kompyuta.

Hatua ya nne: shule, kituo, na maabara

Hapa kuna njia mbili. Ya kwanza ni kujiandikisha kwenye shule inayokubali watu wazima, ukavaa au usivae sare, ukasoma miaka miwili na vijana. Ya pili ni kuwa mtahiniwa binafsi: unajisomea, unalipa walimu wa jioni, na unajisajili kufanya mtihani kwenye kituo kinachotambuliwa na UNEB.

Zamani ningemwambia kila mwenye kazi achukue ya pili. Sasa ninasita. Tangu 2025 wanaoingia Senior Five wanafuata mtaala uliofanyiwa marekebisho na kituo cha taifa cha mitaala, NCDC, baada ya ule mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020. Mitihani ya zamani inayouzwa barabarani bado inafundisha maudhui, lakini ukiitegemea peke yake utajiandaa kwa swali ambalo halitaulizwa hivyo tena. Na mtaala wa aina hii huipa kazi ya darasani uzito, jambo ambalo anayejisomea chumbani halipati kirahisi. Kabla ya kuamua, muulize mkuu wa masomo wa shule mambo matatu: wanasajili watahiniwa binafsi wa masomo ya sayansi? Kazi za darasani zitahesabiwaje kwako? Na utaingia maabara mara ngapi kabla ya Novemba?

Swali la tatu ndilo lenye uzito. Karatasi ya vitendo ya Kemia na ya Baiolojia hufanyika maabara, na hapo ndipo watu wazima hufelia. Titresheni haisomwi kwenye kitabu. Unapaswa kuwa umeshika bureti mara nyingi mpaka mkono wako ujue tone la mwisho linapokaribia, mpaka usomaji wako wa mara tatu ukaribiane. Kutambua ayoni kwenye unga usiojulikana kunataka macho yaliyozoea rangi za mashapo: bluu ya shaba na hidroksidi, kijani chafu cha chuma mbili, kahawia ya chuma tatu. Kwenye Baiolojia utampasua chura, panya au mende, umbandike kwenye sahani ya nta, na uchore ulichokiona, si ulichokikumbuka kitabuni. Mchoro wa penseli, mistari safi, bila kupaka kivuli. Mtu aliyeandika ripoti za ofisi miaka kumi hushangaa jinsi mkono wake ulivyosahau penseli.

Tafuta shule yenye maabara inayofanya kazi, kisha mwone mwalimu wa Kemia mwenyewe. Wengi huendesha vipindi vya Jumamosi na vya likizo kwa wanafunzi wa Senior Six, na kwa ada ya kemikali watakuongeza kwenye meza. Mkiwa watu wazima watatu mkachanga, mtapata kipindi chenu. Kituo kinachokuambia maabara mtaiona wiki ya mtihani, kikimbie hata kama ada yake ni nusu.

Usajili wa UNEB hufunguliwa mapema mwaka ule ule wa mtihani, na anayechelewa hulipa ziada. Utahitaji namba yako ya mtihani ya UCE na mwaka uliofanya. Ukishasajiliwa, dai uone jina lako na masomo yako kwenye orodha ya kituo. Usiridhike na risiti.

Hatua ya tano: namna ya kusoma ukiwa na kazi

Usianzie Senior Five. Hili nalisema kwa msisitizo, kwa sababu mtu mzima ana aibu ya kushika kitabu cha Senior Three, na aibu hiyo humgharimu. Kemia ya juu yote imesimama juu ya moli. Kama huwezi kuchukua gramu 4 za hidroksidi ya sodiamu ukasema mara moja kwamba ni moli 0.1, basi msawazo wa kemikali, elektrokemia na thamani za pH vitakuwa kelele tu. Miezi miwili au mitatu ya kwanza ifanye ya Kemia ya sekondari ya chini: moli, kusawazisha milinganyo, asidi na besi, ayoni, redoksi. Kisha ndiyo uingie kemia ya kaboni, ambayo ni kubwa na ndiyo itakayokufuata hadi biokemia ya mwaka wa kwanza.

Baiolojia ni tofauti. Ugumu wake si kuelewa, ni wingi, na mtu mzima anayesoma saa moja na nusu kwa siku huishiwa muda kabla ya mada. Nenda kwa mifumo: usafirishaji, upumuaji, figo na maji, homoni, neva, kisha jenetiki na ikolojia. Kila mada umalize kwa kuandika jibu kamili kwa mkono, kwa dakika za mtihani. Watu wa ofisini wana maarifa mazuri na mwandiko wa kasi ya konokono, na karatasi hazisubiri.

Saa ziko wapi? Kwa anayeishi Kampala, asubuhi kabla ya jamu. Ukiwa Kireka au Kyengera, ukitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri unafika mjini barabara ikiwa nyeupe, na una saa mbili kabla ya ofisi kufunguliwa. Jioni baada ya teksi na watoto, kichwa kimeshachemka. Iachie jioni maswali mafupi na michoro. Jumamosi ni ya maabara. Jumapili mchana pumzika, familia nayo ina haki yake.

Likizo ya mwaka usiile. Sheria ya Ajira ya 2006 inakupa siku saba kwa kila miezi minne ya kazi, yaani 21 kwa mwaka. UACE hufanyika Novemba hadi Desemba, karatasi zimetawanyika kwa wiki kadhaa. Zungumza na bosi mapema, mwombe likizo yote iangukie hapo. Huna haja ya kumwambia unakwenda kuwa daktari. Mwambie una mitihani.

Mwaka mmoja au miwili? Aliyesoma sayansi hadi Senior Four akapata krediti nzuri, na bado anakumbuka, anaweza kujaribu kwa mwaka mmoja wenye miezi kumi ya kazi ngumu. Wengine wote wapange miwili. Kufanya mtihani mara moja ukiwa tayari ni bora kuliko kufanya mara mbili ukiwa nusu.

Njia ya pembeni: afisa wa kliniki kwanza

Wapo wanaochagua stashahada ya tiba ya kliniki na afya ya jamii, miaka mitatu, kwenye vyuo kama vile vya Fort Portal, Gulu au Mbale, kisha baadaye wanaomba udaktari kupitia mlango wa stashahada. Kwa hesabu ya miaka ni njia ndefu: mitatu, kisha kazi, kisha mitano. Lakini katikati yake una taaluma na mshahara, na afisa wa kliniki ndiye anayeongoza kituo cha afya cha ngazi ya tatu huko vijijini. Anafanya kazi ambayo mgonjwa haioni tofauti yake na ya daktari. Kwa mtu wa miaka 24 asiye na akiba, naiona ni njia ya busara. Kwa mtu wa miaka 36 mwenye akiba, hapana. Na nayo inataka sayansi za Senior Six, kwa hiyo hukwepi Kemia.

Hatua ya sita: pesa, kwa ukweli wake

Hakuna darasa la jioni la udaktari. Miaka mitano ni ya kutwa, na kuanzia mwaka wa tatu uko wodini, pamoja na zamu za usiku. Mshahara wako unakoma siku unaporipoti. Baada ya miaka mitano kuna mwaka mmoja wa intanishipu kwenye tiba ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi, na posho yake imekuwa chanzo cha migomo mara kwa mara. Aliyeanza kusoma Kemia akiwa na 30 atakuwa na karibu 39 atakapopata leseni kamili. Mwonyeshe mwenzi wako hesabu hiyo mapema, asiigundue mwenyewe mwaka wa tatu.

Andika ada ya muhula, uzidishe kwa kumi. Ongeza ada za usajili na mitihani, hosteli au kodi, chakula, vitabu, koti jeupe, stetoskopu, nauli za mafunzo ya vijijini. Ongeza ada za shule za watoto kwa miaka hiyo hiyo, maana hazitasimama kukusubiri. Watu husahau hilo la mwisho, sijui kwa nini.

Akiba ya NSSF usiiweke kwenye hesabu. Marekebisho ya sheria ya 2022 yanaruhusu kuchukua asilimia 20 kabla ya kustaafu, lakini kwa mwanachama wa miaka 45 na zaidi aliyechangia angalau miaka kumi. Mkopo wa serikali kupitia Bodi ya Ufadhili wa Wanafunzi wa Elimu ya Juu ni kwa raia wa Uganda, nao hulenga zaidi kozi za sayansi. Kama tayari una shahada, uliza kwanza kama unastahili kuomba. SACCO ya kazini ikope ukiwa bado una mshahara, kwa kitu kinachozalisha, kama vyumba vya kupangisha, si kwa ada yenyewe.

Miezi kati ya mtihani wa Desemba na mwaka mpya wa masomo Agosti ni dhahabu. Usiache kazi Desemba. Fanya kazi hadi Julai.

Hatua ya saba: kuchagua chuo na kuomba

Shule ya udaktari ya Makerere, pale Mulago, ilianza 1924 na ndiyo yenye ushindani mkubwa. Mbarara ilifuata 1989. Gulu ipo kaskazini, Busitema ina kitivo chake cha tiba Mbale, na Kabale na Soroti nazo hufundisha udaktari. Upande wa binafsi kuna Kampala International University kwenye kampasi ya Ishaka, Uganda Christian University pale Mengo, na Islamic University in Uganda kwa upande wa Kibuli. Kabla ya kulipa popote, kagua vitu viwili: kozi ina ithibati ya NCHE ambayo haijaisha muda, na shule inatambuliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, UMDPC. Kimoja bila kingine hakitoshi.

Omba vyuo vitatu au vinne. Matokeo ya UACE hutoka mapema mwaka unaofuata, matangazo ya udahili hufuatana, na tarehe za milango ya stashahada na shahada hutangulia. Fuatilia tovuti za vyuo vyenyewe. Vikundi vya WhatsApp vya wapiga dili vinauza fomu ambazo chuo hakijawahi kuzichapa.

Lugha nayo iingie kwenye uamuzi. Utafundishwa kwa Kiingereza, lakini mgonjwa wa Mulago atakueleza maumivu yake kwa Kiganda, wa Mbarara kwa Kinyankole, wa Gulu kwa Kiacholi. Kiswahili chako kitakuwa mali kwenye makambi ya Wakongomani kama Nakivale, Kyaka II na Kyangwali, na kwa wagonjwa wengi wa mpakani Kasese na Arua. Kwingineko kitakuacha unamtegemea muuguzi akutafsirie. Kama una uhuru wa kuchagua, chagua mji ambao lugha yake umeanza kuisikia, na uianze kuisoma kwenye ile miezi ya kungoja.

Miezi hiyo hiyo omba kujitolea kwenye kituo cha afya cha ngazi ya tatu au ya nne karibu nawe, hata kama ni kupanga faili na kuelekeza foleni ya kliniki ya wajawazito. Ya nne ina daktari na chumba cha upasuaji, kwa hiyo utaona kazi yenyewe. Anza pia chanjo ya homa ya ini aina ya B, maana wodini utakutana na damu na sindano. Ni dozi tatu: ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Anayeanza Februari anamaliza Agosti, kadi mkononi, wiki ile ile ya kuripoti.